Kidimu Anaatamia Hewa

9 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Huku tupo, wazima kiasi chetu. Mvua zimeanza na ukuta wa jikoni unavuja tena palepale ulipopaziba. Mama Pacha wa jirani anakusalimu. Wanawe wameanza shule, na tangu waanze, mtaa mzima umepata kusikilizana. Mimi bado niko kwa dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi mpaka alasiri. Miguu inavimba, lakini nikilala inashuka.

Baba hajambo. Anakaa chumbani.

Kilichonishikisha kalamu ni kuku. Unakumbuka kuku wanne wa Mama, na yule kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja kama aliyepigwa na upepo wa nyuma. Basi Kidimu ameingia kwenye kile kisanduku wanachotagia na hataki kutoka. Hana yai hata moja chini yake. Mayai naokota kila siku, lakini yeye anaatamia hewa. Nikimsogezea mkono anavimba, anaguna kama mzee aliyeamshwa usingizini, halafu ananidonoa. Amejinyonyoa manyoya ya kifuani, na ukimgusa tumbo ni la moto. Anashuka mara moja kwa siku, anakunywa maji kwa pupa, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya, kisha mbio, anarudi kukaa. Upanga wake wa kichwani umepauka. Wenzake wanataka kutaga, anawafukuza, wanatagia kwenye matope na wameanza kudonoa mayai yao wenyewe.

Mama angejua la kufanya. Mimi sikuwahi kumuuliza, maana nilidhani yupo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia naye bandani. Nieleze, nisije nikamuua kuku wa marehemu kwa ujinga wangu.

Na utakuja lini? Tangu tulipomzika, hujaonekana.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimeketi juu ya rundo la mbao, na mzee wa karakana amenipigia kelele mara mbili. Nimeamka salama, nafanya kazi salama. Tuna madawati ya shule ya kumaliza, kwa hiyo mimi na ule msumeno wa umeme tunashinda pamoja kama mume na mke. Hewa ni vumbi tupu. Mwenzangu wa chumbani anakoroma, nami nimezoea.

Kidimu si mgonjwa. Ameshikwa na hamu ya kulea, na hamu hiyo inakaa kwenye joto la tumbo. Mama alikuwa akisema, "Kuku kama huyu usimpige, mpoze." Tafuta kreti, ng'oa sakafu yake, upigilie vipande vyembamba vya mbao vyenye nafasi katikati. Lipandishe juu ya matofali, mahali penye mwanga, upepo upite chini. Usiweke nyasi wala gunia. Mpe maji na chakula humo humo. Anaatamia hewa? Basi mpe hewa yenyewe. Siku tatu nne hivi, tumbo likipoa, atasahau. Kisanduku cha kutagia ukifunge kwa muda, na umwangalie utitiri, maana kuku wa kukaa hivyo huliwa akiwa hai.

Sasa, Dada. Kuku umemwandikia ukurasa mzima. Baba umemwandikia mistari miwili midogo. Anakula? Anasema nini? Hajarudi kwenye cherehani?

Kuhusu kuja, ngoja madawati yaishe.

Mdogo wako


2 Aprili

Kitinda,

Natumai barua hii inakukuta mzima na vumbi limepungua. Mama Pacha alijikwaa akatenguka kifundo cha mguu, sasa anauendesha mtaa akiwa kitini, na unaendeshwa vizuri kuliko zamani. Kwa dobi wamepunguza watu wawili. Mimi nimebaki.

Nikwambie yaliyotokea, nawe usinilaumu. Barua yako ilichelewa. Kabla haijafika, Mama Pacha aliniambia kuku anayeatamia hewa huchovywa tumbo kwenye maji baridi. Nikajaza ndoo pale uani, nikamtoa Kidimu kwenye kisanduku, nikambana mabawa, nikamshusha taratibu mpaka maji yakafika kifuani. Hakupiga kelele. Alinyoosha shingo akanitazama tu. Ndipo nikasikia mlango wa chumba cha Baba.

Alitoka peku, shati halijafungwa vifungo. Akasimama juu ya ile ndoo, akasema, "Mwache."

Mdogo wangu, lilikuwa neno la kwanza nililolisikia kwake tangu wageni wa msiba walipoondoka. Niliduwaa hata nikamwachia kuku, akaruka na maji yake akaturoweka wote wawili, na kabla hatujajipangusa alikuwa amerudi kukaa.

Barua yako ilipofika nilitengeneza tundu kama ulivyosema, nikamweka Kidimu humo, nikaenda kazini. Niliporudi nilikuta Baba amebandua vile vipande vya mbao kimoja kimoja, ameviegemeza ukutani vimenyooka kama vitambaa vinavyongoja kukatwa. Kuku yuko kisandukuni. Baba yuko kwenye kigoda, mbele yake.

Sasa nakujibu ulichouliza. Hapana, hali chakula. Nilikuficha kwa kuwa nilidhani kutapambazuka siku moja tu aombe chai. Sahani ilikuwa ikiingia na kurudi vilevile. Wiki hii ilianza kurudi tupu, nikafurahi, mpaka nilipokuta wali umemwagwa mbele ya Kidimu. Yule fundi aliyewapunguzia suruali wanaume wa mtaa mzima, yake ameifunga kwa kamba. Cherehani ameifunika shuka la Mama, na mimi sithubutu kuifunua.

Ninaogopa. Nikiwa kazini napiga pasi huku nawaza nitakayoyakuta nyumbani. Mama Pacha anamchungulia kwa juu ya ukuta, lakini na yeye ana mguu mmoja kwa sasa.

Madawati na yaishe. Njoo.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Anayeandika ni mwenzangu wa chumbani, namtamkia yeye anaandika, kwa sababu nimechoka na kazi. Anakusalimu na anakanusha kwamba anakoroma.

Nimefikiri kuhusu Kidimu. Kama Baba hataki aondolewe, basi mpe kazi ya kweli. Mama Pacha ana jogoo. Muombe mayai mapya, yasiyozidi manane, maana Kidimu mwili wake mdogo na ya pembeni yatapoa. Yatie alama ya penseli, ili wenzake wakija kutagia humo uyajue mageni uyatoe. Mwekee jioni, kiza kinapoingia, mkono upite chini ya bawa polepole. Akishayageuza kwa mdomo na kuyavuta chini yake, ameyapokea. Kila siku mtoe ale, anywe, ajinyooshe, usimwachie ajiamulie. Baada ya wiki tatu atashuka mwenyewe, na watoto nyuma.

Mpikie Baba uji, usimpe chakula kikavu. Kaa naye mpaka amalize.

Kuja siwezi kwa sasa. Usiniulize sana.

Mdogo wako


1 Mei

Kitinda,

Hujambo? Nami nakuuliza kweli, si kwa salamu. Huku hatujambo. Mvua zimekatika, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Mama Pacha ameanza kukanyaga.

Mayai alinipa manane, akanichagulia mwenyewe, akakataa shukrani. Nilimwekea Kidimu jioni kama ulivyosema. Aliguna, akainuka kidogo, akayapanga kwa mdomo, akashuka juu yake taratibu. Baba alikuwa amenishikia taa. Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa kila asubuhi yeye ndiye anayemtoa Kidimu kula. Anamshika kwa mikono miwili, anamweka uani, anasimama kumlinda na wenzake mpaka arudi. Uji anakunywa nusu kikombe, mimi nikiwa nimemkalia mbele kama askari. Ni kidogo, lakini kinaingia kinywani mwake badala ya kwa kuku.

Lakini hofu yangu imehama tu. Juzi nilijifunika blanketi mchana, chumbani kwangu, na tochi, nikayapima mayai moja moja kwenye mwanga. Matano yana mishipa, myembamba kama uzi mwekundu. Matatu ni meupe tu, hamna kitu. Niliyatoa nisiseme. Baba alipomtoa kuku asubuhi akayatazama yaliyobaki, akanitazama na mimi. "Yalikuwa viza," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, na siku hiyo uji haukupita. Kitinda, je haya matano nayo yakigoma? Nimempa baba yangu kitu cha kungojea, na sina uwezo wa kukitimiza. Usingizini nasikia maganda yakipasuka, naamka, hakuna kitu.

La pili. Aliniomba nimsomee barua yako. Nilipomaliza akanyoosha mkono akaichukua, akaenda nayo dirishani, akakaa nayo muda. Akasema, "Huu si mwandiko wake."

"Amechoka, Baba. Kazi nyingi."

"Mtu akichoka hunyoosha miguu akaandika," akasema. "Mwulize vizuri."

Basi nakuuliza vizuri. Una nini? Umefungwa? Unaumwa? Kimya chako kina mshindo, na sisi huku tunausikia.

Dada yako


7 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua imefika leo na leo hii najibu. Anayeandika bado ni mwenzangu. Nimemwambia asipunguze neno wala asiongeze.

Ule msumeno umenikata. Ni mwanzoni mwa Aprili. Sikuwa nimelala wala nimelewa, wala sikuwa nawaza mambo ya nyumbani, kwa hiyo usianze kujitafutia lawama. Mbao ilikuwa na fundo ndani, meno yakalikuta, mbao ikaruka na mkono ukafuata. Mkono wa kulia. Vidole viwili vimekwenda, cha shahada na cha kati. Kinachofuata kipo lakini hakikunjiki. Nililazwa, nikashonwa, nikatolewa. Mzee wa karakana si mtu mbaya, amesema nikipona nitapaka vanishi. Mwenzangu ananifungia vifungo vya shati, na mimi namcheka ili asinionee huruma.

Mchana, watu wakienda kazini, nakaa kitandani nautazama mkono. Nashtuka kila mlango ukigongwa. Maumivu yenyewe si kitu. Ila usiku unasikia vidole ambavyo havipo vinakuwasha, hujui ukune wapi.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na Baba mikononi. Na Baba, wewe unajua. Alinifundisha kushika mkasi kabla sijajua kusoma. Nilipokataa cherehani nikachagua mbao, alisema si kitu, mradi mkate wako utoke kwenye mikono yako. Nimwendee na mkono huu? Msiba mmoja unamtosha. Nakuomba kwa jina la Mama, usimwambie. Sema nilikuwa na homa, imepita.

Mayai matano ni mengi. Mama aliwahi kutotolesha moja na akalifurahia. Siku za mwisho usiyaguse wala kuyageuza, na usimtoe tena Kidimu.

Mdogo wako


14 Mei

Kitinda,

Leo sina salamu ndefu. Nimemwambia.

Nilijaribu kuficha. Barua ilikuja jana, nikaisomea jikoni, nimesimama, nikaikunja. Nilipogeuka Baba alikuwa mlangoni. Nikaanza, "Alikuwa na homa, Baba, lakini sasa—" nikaishia hapo. Hakunipokonya barua. Alivuta kiti akaketi, akasema, "Nimewahi kumzika mtu ambaye mlinificha anaumwa kiasi gani. Huyu niambie angali hai." Basi nikamwambia yote, mpaka vidole vyenyewe ni vipi.

Nikajua ndiyo basi, nimemmaliza kwa mdomo wangu. Kisha akauliza, "Basi la asubuhi bado linaondokea pale stendi ya zamani?"

Nilimwambia hana nguvu. Nilimwambia tungoje mayai yaanguliwe, ni kesho au keshokutwa, halafu twende pamoja. Nilimwambia hata suruali haimkai. Alinyanyuka akaenda kwenye cherehani, akaondoa lile shuka, akalikunja vizuri. Akaivua suruali, akajifunga kanga yangu, akaipunguza kiuno pale pale mbele yangu, mguu ukitetemeka kwenye pedeli. Uzi ulikatika mara kadhaa. Sikumsaidia, niliogopa kumgusa.

Leo asubuhi nimempigia shati pasi. Amekula kipande cha mkate, amesimama, kama mtu anayemeza dawa. Kabla ya kutoka akainama kwenye kisanduku. Yai moja lilikuwa limeshatobolewa, na ndani kuna sauti. Nikadhani atabaki. Nikamwuliza, "Na kuku je, Baba?"

"Kuku anajua kazi yake," akasema. Akabeba mkoba wake.

Nimemsindikiza mpaka stendi. Amekaa dirishani, hakunipungia, amenitazama tu. Njia ni ya siku nzima na kubadilisha basi, na mtu huyu kwa miezi miwili hajatembea mbali kuliko bandani. Nimempa anwani yako kwenye karatasi, na nyingine nimemtilia mfukoni asijue. Kama ameanguka njiani, nani atajua ni wa nani?

16 Mei

Sikuweza kuituma juzi. Wametoka vifaranga wanne. Wa tano alitoboa akachoka. Nimemkuta leo amefia gandani, mdomo nje. Kidimu alikaa siku nzima akiwaita kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha mchana huu ameshuka. Amekonda, kifua kitupu, amewaongoza uani. Jogoo wa Mama Pacha aliruka ukuta kuja kutazama, akafukuzwa mpaka akasahau alikotokea. Wale wengine wamerudi kutagia kisandukuni.

Nilipaswa kufurahi. Naketi kwenye kigoda cha Baba nasikiliza njia. Kila anayekanyaga changarawe nadhani ameleta habari. Kwa dobi nimeunguza foronya mbili.

Andika amefika. Neno moja linatosha.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Shikamoo. Amefika.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinicheke, na usishangae imechukua siku ngapi. Kila siku naandika mistari michache, mkono unachoka, naacha. Barua yako imekuja wakati Baba amekwisha kuwa mwenyeji hapa. Ingetangulia, ningekimbia, nadhani.

Aliingia jioni. Nilisikia mlango unagongwa, nikadhani ni mwenzangu amesahau ufunguo. Nikafungua, nikamwona Baba, mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dada, hukunieleza amekonda vile. Ulieleza, lakini sikukuelewa. Nikauficha mkono nyuma. Nikasema, "Shikamoo Baba, karibu, umekujaje?" kama mtu anayepokea mgeni wa kawaida.

Akaweka mkoba chini. Akasema, "Lete."

Nikasimama tu.

"Lete mkono."

Nikampa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kitambaa mwenyewe, zungusho kwa zungusho, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Unajua anavyotazama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Akapitisha kidole gumba pale palipoungana, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Nilikuwa nangoja aseme kuhusu kazi, kuhusu mikono, kuhusu ubishi wangu.

Akasema, "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia, Dada. Siku ya maziko hakulia, unakumbuka, watu wakasema ana moyo. Alilia ameushika mkono wangu na paji la uso ameliweka juu yake, akimtaja Mama. Mwenzangu alifika mlangoni, akatuona, akarudi nje akakaa barazani mpaka giza. Sikujua la kufanya, nikamwekea ule mkono mwingine mgongoni. Tulikaa hivyo.

Baadaye aliosha uso akauliza kama katika nyumba hii watu hula. Tulikuwa na maharage ya mchana. Alikula sahani nzima, tukiwa tumemkodolea macho wote wawili, akatuuliza kama tunataka kumpiga picha.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Akilala hugeuka sana, na kuna asubuhi haamki mpaka nimwite mara tatu. Mimi nami nikisikia msumeno ukiwashwa huko karakana, jasho linanitoka. Vanishi nimejaribu siku moja nikaondoka kabla ya saa sita. Lakini anaamka. Amenishonea vishikizo vya kubana badala ya vifungo kwenye mashati yote, sasa navaa mwenyewe. Anataka turudi nyumbani wote wawili mwisho wa mwezi ujao, daktari akishanitazama. Nimekubali. Ya huko mbele nitayajulia huko.

Nilimsomea barua yako. Kwa yule kifaranga aliyefia gandani alitikisa kichwa tu. Nikamwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema hana la kusema, wewe unajua. Nikashika kalamu niendelee, akanigusa bega.

Anasema maji ya vifaranga uyaweke kwenye kifuniko cha kopo, yasiwe na kina, na utie kokoto ndani. Usitumie bakuli. Wakiwa wadogo hivyo huzama kwenye maji kidogo tu, na mama yao hajui kuogelea.

Mdogo wako